Kupe wa Kurithi

Daktari Kokugonza alimlaza kupe chali kwenye kisahani, akashika wembe mwembamba na kumpasua tumbo taratibu, kama mtu anayefungua punje ya harage.

"Sogea uone, mama."

Nyemo alisogea shingo upande. Kupe yule alikuwa amefia mkononi mwa mtu asubuhi ile ile, na kwa miaka yote aliyowatunza kupe wa Chilonji hakuwahi kumpasua hata mmoja. Wakifa aliwafukia nyuma ya zahanati. Ni kiumbe, hata kama kimeoteshwa kwenye chupa huko maabara, nusu nyama na nusu mtambo wa kupima sukari ya damu. Kimeshakunywa damu ya watu, huwezi kukitupa jalalani kama ganda la karanga.

Daktari alidondosha tone la dawa. Tone likageuka zambarau kabla hajaweka chupa chini.

"Huyu alikuwa wa nani?"

"Mzee Chilongani."

"Na kabla yake?"

"Shemeji yake, yule aliyehamia Manyoni."

"Na kabla ya shemeji?"

Nyemo akainamia kisahani. Si kwamba hakujua. Nasaba za kupe wote wa kijiji alikuwa nazo kichwani kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake, huyu mama yake nani, yule alitoka boma gani.

"Maelekezo yanasema kupe mmoja, mtu mmoja," Daktari alisema. "Akimaliza kazi anachomwa."

"Maelekezo waliandika watu wanaopata kupe wapya kila wakitaka. Sisi treni inatuletea kiboksi kimoja kwa msimu mzima. Na kupe mpya, Daktari, anakaa mkononi anababaika tu. Leo kijani, kesho nyekundu, hujui ushike lipi. Mzoefu ukimbandika leo, wiki haiishi ameshaijua damu yako." Akaona anaongea sana, akamalizia kwa sauti ya chini. "Halafu tulikuwa tunawafukiza."

"Mnawafukiza?"

Basi ikabidi amweleze. Chilonji ni kijiji cha warina asali, tangu enzi za babu na bibi, kabla hata kichaka cha Itigi hakijazungushiwa nyaya na kuwekewa walinzi wa kuruka angani, yaani droni. Ukitundika mzinga mpya juu ya mti unaweza kukaa mwaka usione nyuki hata mmoja. Mzinga wa zamani, wenye harufu ya nta, hujashuka mtini nyuki wameshaanza kuuzungukia. Kwa hiyo hakuna mtu wa Chilonji anayetupa mzinga uliokwisha kukaliwa. Unaukwangua, unaufukiza kwa moshi wa majani mabichi, unaupaka nta, unampa mwanao. Kupe walipoletwa, watu waliwafanyia vile vile bila hata kukaa kikao. Mtarajiwa, yaani mtu ambaye vipimo vya utotoni vilitabiri kwamba sukari itampata, akitulia sukari humvua kupe wake, humshika juu ya moshi, humpaka nta, na kumkabidhi mpwa wake au mkwewe. Na kunakuwa na ngoma na chakula, maana ni zawadi kubwa kuliko mbuzi.

Wa kwanza kabisa kufukizwa, mkono ulioshika koleo juu ya moshi ulikuwa wa Nyemo. Hilo hakulisema.

"Moshi unapita nje tu," Daktari alisema. Hakuwa na ukali. Afadhali angekuwa nao. "Kirusi kiko humu tumboni. Kupe akitaka kunyonya hutema mate kwanza ili damu isigande, na mate yanatokea huku huku. Hii ni homa ya ini, aina C. Nimewapima watu wenu siku mbili hizi. Waliobandikwa kupe wapya ni wazima. Waliorithi, zaidi ya nusu wanayo."

"Inaua?"

"Polepole. Mtu hukaa nayo miaka akidhani ni uchovu wa shamba. Ila dawa ipo, vidonge vya miezi mitatu, na karibu kila mtu hupona." Akasukuma kigoda kwa mguu. "Kuna jingine. Kaa kwanza, mama."

Nyemo hakukaa.

"Ini ndilo ghala la sukari mwilini. Sukari ikitosha, mwili huliambia ini lifunge mlango. Kirusi hiki kikikaa ndani ya ini, ini linakuwa kiziwi. Linaambiwa funga, lenyewe linafungua. Sasa mtu ambaye tangu zamani alikuwa jirani na kisukari, kama hawa watarajiwa wako, anasukumwa mpaka ndani. Hata kama anakula mlenda mwaka mzima. Hata kama asali haioni."

Hapo Nyemo akakaa.

Dirishani, ng'ambo ya uwanja, lilionekana ghala la asali, na mbele ya mlango wake benchi refu la mninga. Kila Jumamosi watarajiwa wote walikusanyika pale na kukunja mikono ya nguo. Mwenye kupe wa kijani alipita. Wa njano alionywa. Wa nyekundu alikwenda kukaa benchini mbele ya watu, akaeleza amekula nini na kwa nani, na asipoeleza alinyang'anywa kibali cha msitu, maana mtu wa namna hiyo ukimpeleka kwenye mizinga ni sawa na kumpeleka fisi buchani. Watu waliliita benchi la asali. Lilikuwa wazo la kijiji, lakini aliyesoma rangi alikuwa Nyemo. Yeye mwenyewe kila wiki alikuwa kijani. Alikuwa mtunzaji, kupe wake alitoka kwenye boksi la kwanza, mpya. Miaka yote alidhani ni kwa sababu ana moyo mgumu mbele ya chakula.

"Tutawaambiaje?" aliuliza.

Daktari alifuta wembe kwa pamba, akaufuta tena, ingawa ulikuwa umeshang'aa.

"Nimelala nalo hilo. Ukiniuliza mimi, tuwape vidonge tuseme ni vya kuimarisha ini, na huo si uongo. Kupe wa kurithi nitawakusanya niseme wamechakaa, nilete wapya, nimeshaahidiwa boksi tatu. Miezi mitatu, kijiji kimepona, basi. Lakini ukisimama ukasema ugonjwa uliletwa na kupe, watang'oa wote, wazuri na wabaya. Wewe unakumbuka palikuwaje hapa kabla ya kupe?"

Nyemo alikumbuka. Miguu iliyokatwa. Baba yake aliyekuwa akishikwa mkono kupelekwa chooni, macho meupe kama maziwa.

"Na waliokaa benchini?"

"Watapona, mama."

"Sikuulizia kupona."

Daktari alifunika kisahani. Akauliza, "Nani hajapimwa bado?"

"Kaka yangu," Nyemo alisema. "Haji mahali nilipo."

*

Ndahani alikaa peke yake kando ya reli ya zamani, katika kibanda cha mawe walichoacha mafundi wa njia siku treni za moshi zilipokufa. Nyemo alimkuta mlangoni anasuka kamba ya magome. Kamba za kupandia miti. Hakuwa na mti wa kupanda.

"Hodi, kaka."

"Umekosea nyumba. Hapa anakaa mwongo."

"Ndahani, ni mimi mdogo wako."

"Nakuona. Sukari ndiyo wanasema imeniingia, macho bado." Alisuka mara mbili, tatu, kisha akasogeza miguu yake kumpisha. Miguu ilikuwa imevimba, na weupe wa macho umeingia umanjano. "Ingia basi, usisimame juani, wakasema nimekuroga."

Ndani palikuwa na kitanda, chungu, na ubao uliochomekwa ukutani. Juu ya ubao palikuwa na chupa kubwa ya kioo iliyojaa asali iliyoganda ikawa nyeupe kama samli. Mdomo wake ulizibwa kwa nta, na kwenye nta pamegongwa alama ya ukoo wao, kwato mbili na mstari. Alama ilikuwa nzima. Hapakuwa na mkwaruzo wala ukucha.

"Hii ni ya lini?"

"Ya siku ile uliyonivua kibali. Nilitoka nayo msituni, ghalani haikufika. Nikasema niiweke hapo nilale nayo chumba kimoja. Atakapokuja mtu kuniuliza kama nakula asali, nimwonyeshe."

"Hakuja mtu."

"Wewe wa kwanza. Na wewe hukuja kuuliza, umekuja na mkoba wa zahanati."

Nyemo alikaa kitandani bila kukaribishwa. Alimweleza yote, kupe aliyepasuliwa, mate, ini kiziwi. Alieleza vibaya, akarudia, akachanganya. Aliyemchagulia Ndahani kupe alikuwa Nyemo mwenyewe, kupe mtulivu kuliko wote kijijini, akamfukiza mara mbili kwa sababu ni wa kaka yake. Hilo safari hii alilisema.

Ndahani aliacha kusuka.

"Kwa hiyo nilikuwa sili."

"Ulikuwa huli."

"Mimi hilo nalijua. Nakuuliza wewe, umelijua?"

"Nimelijua, kaka."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa maji baada ya kiu kumpita. Kisha akauliza wengine watafanywaje, na Nyemo akamweleza shauri la Daktari. Alitegemea atafoka. Ndahani akacheka kwa pua.

"Huyo binti ana akili. Fanyeni hivyo."

"Na jina lako?"

"Jina langu limeshakauka huko liliko. Ukisimama kuwaambia, Chilongani atakataa kupe mpya saa hiyo hiyo na kabla ya jioni ameshachemsha chai ya sukari. Humjui? Na nyuma yake watafuata kumi. Mimi nishazoea kuwa mwongo, si kazi ngumu. Nipe vidonge vyako uende."

Njia nzima ya kurudi Nyemo alitembea kama aliyetuliwa mtungi. Kaka mwenyewe kasema. Alifika mpaka kwenye mfereji ndipo alipojishtukia kwamba anatembea mwepesi, na uzito ukarudi wote, na mwingine juu yake.

*

Jumamosi ghala lilijaa mpaka nje, kwenye benchi. Daktari Kokugonza alisimama mezani na makasha ya vidonge, akaeleza vizuri tu, kwamba ni vya kuimarisha ini na kila mtu amalize dozi. Watu walipanga mstari wakitaniana. Mzee Chilongani, ambaye kupe wake ndiye aliyepasuliwa, alikuwa akionyesha mkono wake mtupu kama askari aliyestaafu.

"Nimeachika," alisema. "Natafuta mchumba."

"Na tumbo hilo, nani atakuoa?"

Nyemo alikuwa anasoma rangi. Kijani. Kijani. Njano. Akafika kwa Semeni, mke wa kijana mmoja anayelinda lango la msitu, mtoto mgongoni. Kupe wake, aliyemrithi kwa mama mkwe, alikuwa mwekundu kama kaa la moto.

Hakuna aliyemwambia kitu. Semeni mwenyewe alirekebisha kanga ya mtoto, akatoka kwenye mstari, akaenda benchini na kukaa. Alikuwa ameshajua la kusema. Alilisema haraka apate kumaliza.

"Nilikula ndizi mbivu. Moja. Juzi, nyuma ya nyumba."

"Ndizi moja au mkungu?" mtu akauliza, watu wakacheka.

"Mbili," Semeni alisema. Mtoto akaanza kulia.

Nyemo alishayasikia mengi ya namna hiyo. Ndizi, soda, miwa ya jirani. Leo ndipo alipoyasikia kweli. Benchi lilikuwa halimwachii mtu mpaka akiri, kwa hiyo watu walijitungia makosa, wakayakiri, wakasamehewa, wakaenda zao. Mmoja tu ndiye aliyekataa kutunga. Yule ndiye waliyemwita mwongo.

Alimtazama Daktari. Daktari alikuwa amemwona anavyobadilika, na polepole, kwa namna ya watu wengine wasione, akatikisa kichwa: usifanye.

"Semeni, inuka hapo," Nyemo alisema.

"Sijamaliza, mama."

"Hukula kitu. Inuka. Hakuna aliyekula kitu."

Akawaambia. Aliwaambia akiwa amemvua Semeni kupe wake na kumshika kiganjani, bila kupamba. Ugonjwa ni homa ya ini. Umepita kwa kupe wa kurithi. Moshi haukuwafikia ndani. Ugonjwa ndio uliopandisha sukari. Vidonge vile ndivyo dawa yake, na kupe mpya hana tatizo, mpya mbandike bila wasiwasi. Hilo la mwisho alilirudia. Akasema Ndahani hakuwa mwongo, akalitaja jina lake mara tatu.

Mzee Chilongani ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hiyo miaka yote hii kupe ndiye mchawi wetu."

"Kupe wa kurithi, Mzee."

"Nimesikia."

Lakini maneno mengine hayavuki mlango. "Wa kurithi" lilibaki mle ghalani. Lililotoka nje na kupita nyumba kwa nyumba lilikuwa "kupe" peke yake. Jioni, mbele ya benchi, palikuwa na moto. Walianza na benchi lenyewe, na kwa hilo Nyemo hakuwa na neno. Kisha wakaanza kuja mmoja mmoja, wakivua kupe na kutupa, wa zamani na wapya, hata wale ambao walitoka kwenye boksi mwezi uliopita. Walipasuka motoni kwa sauti ndogo ndogo, kama bisi. Alisimama njiani akiwasihi, huyu mpya, mwacheni, na watu walimpita kwa adabu tu. Wengi walichukua vidonge. Wengine walisema mkono uliowaletea kupe ndio huo huo unaowaletea vidonge.

Daktari Kokugonza alikaa nao mpaka akabembeleza robo tatu ya kijiji wakanywa vidonge. Siku ya kuondoka alimshika Nyemo mkono kituoni.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia."

Mzee Chilongani hakunywa vidonge, wala hakumtaka kupe mwingine. Alinywa chai ya sukari kwa raha zake, akimkaribisha kila apitaye. Sukari ilimwangusha, wakamzika kabla mvua hazijaanza. Semeni alikuwepo mazikoni, amepona, kichwa juu, mtoto anatembea. Nyemo aliwatazama wote wawili, yule chini na yule juu ya udongo, na hakuwa na mzani wa kuwapimia. Hakuupata baadaye pia.

*

Mgunga ulipotoa maua, kibali cha Ndahani kilirudishwa, na mlinzi wa kuruka aliwazunguka mara moja angani akawaacha wapite. Damu yake ilikuwa safi, kirusi kimekwisha. Ini ndilo lililobaki na kovu, na miguu haikuweza tena kupanda. Alitembea akiegemea baiskeli yake, akimwonyesha Nyemo ni mti gani, na Nyemo ndiye aliyepanda, kwa kamba ile ya magome, akikosea kila tawi huku kaka yake akimsimanga toka chini.

"Unapanda kama mtu anayeiba."

"Nina miaka sitini, Ndahani."

"Na mzinga nao unakuogopa."

Aliposhuka alimkuta ametoa ile chupa kwenye kikapu cha baiskeli na kuiweka juu ya jiwe. Alitoa kisu, akakizungusha kwenye nta, akaikata alama ya ukoo nusu kwa nusu.

"Onja."

"Anza wewe. Ni yako."

"Siwezi. Daktari kanikataza, na safari hii kweli kweli. Kirusi kimeondoka, sukari imekataa kuondoka, imeshapazoea." Akacheka, na Nyemo hakuweza kumsaidia kucheka. "Miaka yote ile niliyokuwa naitazama ubaoni, nilikuwa naweza. Kijiko kimoja nani angejua? Ningejua, ningekula."

Nyemo alichovya kidole. Ilikuwa imeganda, ikayeyuka taratibu juu ya ulimi.

"Ikoje?"

"Tamu."

"Asali gani si tamu? Binti wa mrina asali, nakuuliza ya maua gani."

Alifumba macho, akachovya tena.

"Mgunga," alisema. "Na nyuma yake kuna kitu. Kama moshi."

Ndahani aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyeonja mwenyewe.

"Nilifukiza nyuki mno siku ile," alisema. "Nilikuwa na haraka. Nilitaka niwahi Jumamosi yenu."